Gia Inachelewa

Tanzania huliita shangingi. Kabla ya kupewa gari, neno hilo lilikuwa la mwanamke aliyekwisha kuupita ujana lakini hajaacha kujipamba wala kusahau thamani yake, na waliolihamishia kwenye Land Cruiser kubwa za wakubwa wa serikali hawakukosea sana. Yemen nako, gari lilo hilo la miaka ya tisini limepewa jina la mwigizaji wa Misri, Layla Elwi. Pande mbili za bahari moja, bila kushauriana, zilitazama yale mabavu ya duara na ule mwendo wa kujivuna zikaona mwanamke. Land Cruiser ya namba 80 ilianza kuuzwa mwaka 1990, ikapisha namba 100 mwaka 1998, na hadi leo haijakubali kuondoka Doha. Siku za kazi hufichwa na magari mapya. Ijumaa, hasa katika miezi ya baridi, huonekana ikielekea kusini, Mesaieed na vilima vya mchanga vya Sealine, imebeba mahema, kuni na watoto.

Moja ya magari hayo, la mwaka 1996, jeupe lenye mstari wa rangi ya dhahabu uliofifia, limelala kwa miaka mingi chini ya banda la nyumba moja ya mtaa wa Old Airport. Mwenye gari amekwisha kufariki. Mjane wake ni mzaliwa wa Malindi, si ile ya Kenya bali Malindi ya Mji Mkongwe wa Unguja. Aliondoka Unguja msichana mdogo baada ya mapinduzi ya 1964, akakulia Muscat, akaja Doha kwa ndoa. Kiswahili chake kimebaki kile cha miaka ile, na kwa muda mrefu hakuwa na wa kukizungumza naye ila dada zake kwa simu. Ndiyo maana alipoajiriwa dereva kijana kutoka Malindi ya Kenya, bibi alicheka siku nzima. Akasema Mungu amemletea Malindi nyingine, maadamu ile yake haikumfuata.

Dereva alikuwa na miezi kumi na mmoja kazini gari lilipoanza kugoma. Mtoto wa kiume wa bibi alikuwa amelichukua likizo ya Idi kwenda kupiga kambi jangwani, na dereva akiwa naye. Waliporudi, gari lilikuwa na tabia mpya. Asubuhi, likiwa baridi, lilikwenda vyema. Likishapata moto, kila lilipotoka gia ya kwanza kuingia ya pili, injini ilinguruma na mshale wa mizunguko ukapanda, lakini mwendo haukuongezeka. Sekunde moja baadaye gia ilishika kwa pole, kama mtu aliyeitwa akachelewa kuitika. Kurudi nyuma nako kulikuwa kwa kusubiri. Mtoto wa bibi alilipeleka mahali, wakalipima, wakasema kompyuta haina kosa lolote. Hukumu ikawa rahisi: ikiwa kompyuta haina kosa, kosa ni la mguu wa dereva. Ameiunguza giaboksi kwa kukanyaga mafuta ovyo kwenye mchanga.

Tuhuma hiyo ilikuwa na uzito kwa mtu wa hali yake. Kufumua giaboksi ya automatiki na kuisuka upya hugharimu mishahara ya dereva wa nyumbani ya miezi kadhaa. Qatar ina Sheria Namba 15 ya mwaka 2017 inayowahusu wafanyakazi wa majumbani, madereva wakiwamo. Inawapa mkataba, siku ya mapumziko kila wiki na malipo ya mwisho wa kazi. Mwaka 2020 liliondolewa pia sharti la kupata ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Lakini sifa ya dereva haikai kwenye karatasi. Hutembea kwa simu, kutoka nyumba hata nyumba, na neno moja, kwamba fulani huua magari, latosha kumfungia milango ya mji mzima.

Bibi alisikiliza pande zote mbili. Kisha akasema, "Mwanangu, mgonjwa hazikwi kabla ya kupelekwa kwa tabibu. Lipeleke gari Industrial Area kwa yule mzee aliyekuwa akilishika enzi za marehemu. Atakachosema yeye ndicho nitakachokifuata."

"Ndiyo, bibi," alijibu dereva, na hakulala vizuri usiku ule.

Industrial Area iko kusini-magharibi ya mji, kando ya barabara ya Salwa, na mitaa yake huitwa kwa namba. Hapo hulala maelfu ya wanaume na magari yasiyohesabika. Kimalayalam, Kiurdu, Kinepali, Kibengali na Kiarabu vinapishana kwenye vichochoro vyenye harufu ya rangi na mafuta yaliyoungua. Neno moja lakini halihitaji mkalimani. Kiswahili husema gia, Kiarabu cha Ghuba husema geer, mtu wa Bara Hindi naye analo lilo hilo, na wote walilichukua kwa Mwingereza. Fundi mzee alikuwa mtu wa Kerala. Yeye na dereva walizungumza kile Kiarabu chepesi cha Ghuba kisicho na sarufi, kwa vidole na kwa hilo neno moja.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kutofungua kitu. Aliomba gari liendeshwe hadi lipate moto wa kawaida, likasimamishwa mahali tambarare. Injini ikiendelea kuunguruma, alipitisha rungu la gia katika kila nafasi, kutoka P hadi L na kurudi, ndipo akachomoa dipstiki. Wengi hupima mafuta ya gia kama wanavyopima ya injini, baridi na injini imezimwa, wakapata kipimo cha uongo. Mafuta haya hutanuka kwa joto, na sehemu yake huwa imo mzungukoni muda wote injini inapofanya kazi.

Fundi alipangusa ile dipstiki kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa kwenye mwanga wa jua. Mafuta mapya ni mekundu kama juisi ya ukwaju wenye rangi. Yakiwa rangi ya maziwa yaliyotiwa rozi, maji ya rejeta yameingia: bomba la kupoza mafuta ya gia limo ndani ya tangi la chini la rejeta, na ukuta wake ukitoboka vitu viwili visivyopaswa kukutana hukutana. Gundi ya vitambaa vya klachi haivumilii maji, na gari la namna hiyo lina siku chache tu. Yakiwa meusi na yananuka kama mkate uliosahauliwa jikoni, klachi zimeungua. Haya yalikuwa hudhurungi, yenye harufu kidogo ya kuungua, na kipimo chake kilikuwa sawa. Ni mafuta yaliyoteseka, lakini hayajafa. Fundi alimpa dereva kitambaa anuse mwenyewe.

Ili kufahamu alichokuwa akikitafuta, yafaa kujua giaboksi hii hufanya kazi vipi. Gari la gia za mkono hutenganisha injini na magurudumu kwa klachi inayokanyagwa. La automatiki halina kanyagio hilo. Mahali pake pana chombo kiitwacho toki konvata. Chukua feni mbili zinazotazamana, moja umeiwasha na nyingine haina umeme. Upepo wa ya kwanza utaizungusha ya pili bila kuigusa. Badala ya upepo weka mafuta ndani ya chombo kilichofungwa, nayo ndiyo toki konvata. Msingi wake ulipewa hataza mwaka 1905 na mhandisi wa Kijerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akitafuta njia ya kuunganisha tabo za mvuke na rafadha za meli. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya bahari kikaja kuwa cha nchi kavu: General Motors walipotoa giaboksi yao ya Hydra-Matic mwaka 1939, kwa Oldsmobile za 1940, nguvu ya injini ilipita ndani ya mafuta.

Kwa kuwa feni ya pili haiifuati ya kwanza sawasawa, tofauti yao hugeuka joto. Barabarani tofauti hiyo ni ndogo, na gari likishika kasi ya kutosha kuna klachi maalumu inayozifunga feni mbili zikawa kitu kimoja. Kwenye mchanga mambo hubadilika. Magurudumu yanazama, injini inakazana, feni ya kwanza inakimbia na ya pili inajikokota. Ndipo mafuta hupikika. Ndiyo sababu wanaojua jangwa hupunguza upepo wa matairi, hadi kama 15, kabla ya kuingia Sealine, na huchagua gia ndogo wenyewe badala ya kuiachia giaboksi ipande na kushuka bila kukoma. Katika nchi ambayo kivulini tu joto la kiangazi hupita nyuzi 40, mafuta hayana pa kukimbilia.

Baada ya toki konvata ndipo penye gia zenyewe, zimepangwa kama sayari kulizunguka jua, na klachi ndogo nyingi zinazoshika sehemu hii na kuiachia ile. Kila klachi ni rundo la sahani nyembamba zilizovikwa kitambaa. Kinachozibana ni shinikizo la mafuta kutoka kwenye pampu. Shinikizo likipungua, sahani hugusana bila kushikana. Zinasuguana, zinaungua, na dereva anasikia injini ikinguruma bila mwendo. Kwa hiyo kuteleza kwa gia kuna maana mbili zilizo mbali sana. Ama klachi zimekwisha, ama klachi bado nzima lakini hazipati nguvu ya kubana. Ya kwanza ni kufumua giaboksi yote. Ya pili yaweza kuwa jambo dogo. Dalili kwa aliye kwenye usukani ni ile ile.

Dereva alimweleza fundi habari ya kompyuta isiyo na kosa. Mzee alitikisa kichwa, akafungua boneti, akaunganisha kwa kipande cha waya vitundu viwili vya kisanduku cha vipimo. Taa ya O/D OFF kwenye deshibodi ikaanza kuwaka na kuzima kwa mpigo ulio sawa, mfululizo. Katika gari la umri ule, hiyo ndiyo lugha ya kompyuta ya gia, na mpigo ulio sawa maana yake ni kwamba hakuna kosa lililohifadhiwa. Waliopima mwanzo walikuwa wamesema kweli. Lakini kompyuta ile inajua vitu vichache: kama nyaya za solenoidi zimekatika, kama sensa za mwendo zinaleta habari. Haina jicho la kuona shinikizo, wala haina pua. Kuichukua kimya chake kuwa ushahidi dhidi ya mtu ni sawa na kumuuliza bawabu wa mlango wa mbele kama mwizi amepita, ilhali nyumba ina mlango wa uani.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko chai. Fundi aliziba magurudumu kwa mawe, akakanyaga breki kwa mguu wa kushoto kwa nguvu zake zote, akaweka D, akakanyaga mafuta hadi mwisho, akahesabu, akaachia kabla ya sekunde tano kutimia. Kipimo hiki ni cha hatari kwa gari na kwa aliye mbele yake, na hakifai kurudiwarudiwa, kwa sababu sekunde zile chache huyachemsha mafuta. Alisubiri yapoe, akafanya vivyo hivyo kwa R. Mara zote mbili mizunguko ya injini ilipanda juu kuliko kitabu kinavyoruhusu.

Hapo ndipo alipotabasamu, na dereva hakujua kwa nini hadi alipoelezwa kwa vidole. Kwenda mbele na kurudi nyuma hutumia klachi tofauti. Kama klachi ya mbele pekee ndiyo iliyoungua, gari lingeteleza mbele na kushika nyuma. Likiteleza kote kwa kiasi kinachofanana, mshitakiwa ni yule anayehusika na pande zote: klachi moja tu iliyo katika njia zote mbili, au shinikizo lenyewe. Alifunga geji kwenye tundu la kupimia lililo ubavuni mwa giaboksi. Mshale ulipanda kivivu ukasimama chini ya mahali pake, katika D na katika R.

Shinikizo katika giaboksi hii halitoki kwa pampu peke yake. Kuna kebo nyembamba inayotoka kwenye mdomo wa hewa wa injini hadi ndani ya giaboksi. Mguu ukikanyaga mafuta, kebo huvuta vali, vali huongeza shinikizo, ili klachi zibane kwa nguvu inayolingana na kazi iliyopo. Kwenye kebo kuna kishikizo kidogo cha chuma. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, kati ya kishikizo hicho na mwisho wa ala yake hapapaswi kuzidi milimita moja. Fundi alimwomba dereva akanyage, akaweka rula. Nafasi ilikuwa ya upana wa kidole. Kebo ilikuwa imelegea, na giaboksi ilikuwa ikiambiwa kila siku kwamba mzigo ni mwepesi.

Alizungusha nati mbili kwa spana. Akapima tena kwa rula, akapima kwa geji. Mshale ulipanda hadi mahali pake ukatulia. Hakuna spea iliyonunuliwa.

Swali lililobaki halikuwa la ufundi. Kebo hailegei kiasi kile yenyewe. Hulegezwa na mkono, mara nyingi mtu anapofungua sehemu ya juu ya injini kisha akairudisha bila rula. Dereva alikumbuka kwamba kwenye kasha la deshibodi kulikuwa na bahasha nene. Marehemu alikuwa mtu wa kutunza stakabadhi. Jioni ile bibi alizimwaga mezani, za mafuta, za matairi, za istimara ya kila mwaka, na katikati yake ikapatikana moja ya kubadili gasketi ya kichwa cha injini. Kazi ile haifanyiki bila kuiondoa kebo ile. Tarehe yake ilikuwa ya miaka miwili kabla ya dereva kukanyaga ardhi ya Qatar, na mwaka mmoja kabla ya mzee kufariki.

Mtoto wa bibi aliisoma ile stakabadhi mara mbili, akairudisha mezani bila neno. Bibi ndiye aliyekaa kimya kirefu zaidi.

"Alikuwa akisema," alinena mwishowe. "Mwaka ule wote alikuwa akisema, gia inachelewa, gari limekuwa zito. Nasi tukimwambia, baba, ni miguu yako iliyochelewa, umri huo. Akawa haendeshi tena. Alituamini."

Hakuna aliyemjibu. Mzee yule alikuwa ameishi na gari lile zaidi ya miaka ishirini; mwili wake ulikuwa geji iliyo sahihi kuliko zote. Kwa kuwa aliendesha pole, ndani ya mji, klachi zilistahimili shinikizo dogo na hitilafu ikajificha. Jangwa halikuileta, liliidai tu. Dereva alikuwa ndani ya gari siku ya kudaiwa, kama vile mwenye gari alivyokuwa ndani yake siku zote ambazo alisema kweli akadhaniwa amezeeka.

Kesho yake fundi alishusha sinia la chini la giaboksi. Sumaku zilizomo zilikuwa na tope laini la kijivu, ambalo ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Kulikuwa pia na vumbi jeusi la vitambaa, zaidi ya inavyopasa, lakini hapakuwa na vipande wala mng'ao wa shaba. Aliweka chujio jipya na mafuta mapya, akaeleza kwamba kushusha sinia hutoa sehemu tu ya mafuta. Mengine hubaki ndani ya toki konvata, kwa hiyo warudi baada ya wiki chache wabadilishe tena kidogo kidogo. Alikataa kuyasukuma yote kwa mashine mara moja. Akaongeza, bila kupambwa, kwamba klachi zimepoteza sehemu ya umri wao na hilo halirudi. Huenda zikafika miaka mitatu, huenda zisifike Ramadhani ijayo. Jangwani lisipelekwe tena.

Bibi aliuliza jambo moja tu: kama gari lafaa kwenda sokoni na msikitini. Lilifaa. Akaagiza liendelee kuwa zamu ya dereva, na kwamba yeyote katika nyumba atakayesikia jambo geni ndani ya gari, hata mtoto, lisidharauliwe, liandikwe. Siku hizi ndani ya kasha la deshibodi, juu ya bahasha ya marehemu, mna daftari dogo la shule lenye mistari. Kila Alhamisi jioni dereva hulipasha gari moto, hupitisha rungu la gia katika kila nafasi, huchomoa dipstiki na kuipangusa kwa kitambaa cheupe. Huandika tarehe, kilomita, rangi na harufu. Ukurasa wa kwanza lakini haukuandikwa naye. Umeandikwa kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu kama wazee wa Unguja walivyofundishwa chuoni, na una maneno mawili tu: gia inachelewa. Chini yake bibi ametia jina la mumewe, na tarehe ameiacha wazi, kwa sababu hakuna aliyeikumbuka siku ya kwanza aliyoyasema.